Kondomu Kwenye Kamba ya Nguo

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni nilikwenda likizo kwa kaka yangu, Manyoni. Nilikuta kondomu tatu zimejazwa maji, zimebanwa kwenye kamba ya nguo kati ya shati lake la reli na kaptula za watoto. Mwenyewe alikaa kwenye kigoda akizitazama kama mtu anayelinda mtama.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Njoo, msomi, macho yako bado mazima. Unaona wadudu?"

Uvumi ulikuwa umeenea stesheni nzima: ijaze maji, ianike juani, utawaona wadudu wa ukimwi waliotiwa huko ilikotoka. Kaka aliuamini. Tangu biashara iwe ruksa, alisema, tunauziwa kila kitu, hata chupi walizokwisha kuvaa wenzetu. Iweje hizi tu wazigawe bure?

Mkewe, shemeji yangu, alikuwa akipepeta mtama kando. Wadudu hawakumsumbua. Aliyemsumbua ni kaka, anayekaa wiki mbili nje na treni ya mizigo. Wenzake wawili wa kazini walikuwa wamezikwa, mmoja akafuatwa na mkewe. Baada ya msiba huo shemeji akasema: bila kondomu, utalala chumba cha watoto. Kaka akakubali, kwa sharti kwamba kila moja ipimwe kwanza.

"Ikifaulu anaikausha, anaivaa," shemeji aliniambia. "Ikikwama anaipaka mafuta ya alizeti. Mbili zimeshapasuka kitandani. Mafuta hayana neno, shemeji?"

Nilikuwa nasoma uchumi. Sikujua lolote kuhusu jambo hilo, nikajibu hapohapo.

"Hayana. Yanalainisha."

Alinitazama kama anavyoitazama mizani ya muuza nyama. Akaingia ndani, akarudi na boksi na karatasi yake ya Kiingereza. "Nisomee."

Kufikia mstari wa tatu sauti yangu ilikuwa imeshuka. Tazama tarehe. Usiikunjue kabla ya kuivaa. Usipake mafuta ya kupikia wala ya kujipaka, yanaharibu mpira. Tumia mara moja, utupe.

Shemeji hata karatasi hakuiamini. Alifungua mpya, akaipaka alizeti, akahesabu polepole hadi mia mbili, akaipuliza. Ikapasuka mbele ya pua ya kaka. Nyingine, isiyo na mafuta, ilivimba hadi watoto wakaja kuiomba.

"Kwa hiyo unanishuku?" kaka aliuliza.

"Wewe umeishuku mipira mwezi mzima, imenyamaza. Na wewe nyamaza." Akanigeukia. "Yako iko wapi? Usijifanye."

Niliitoa kwenye pochi, nilikoikalia tangu mwaka wa kwanza. Akasoma tarehe, akaenda kuitupa chooni.

Boksi akalifungia kwenye sanduku la khanga zake. "Kuanzia leo nafungua mimi, navisha mimi," alimwambia kaka. "Wewe kazi yako ni kuishika pale chini unapotoka."

Zile mbili zilizopasuka kitandani hakuna aliyezitaja tena. Kaka akaanza kuanua zilizobaki kambani, akimwagia mchicha maji yake. Ya mwisho aliiinua kwanza juani, akafumba jicho moja, akaichungulia.