Bibi Usifute

Alikuwa mwalimu wetu wa hisabati, na sisi tulimwita Bibi Usifute. Alilijua jina hilo na aliliitikia.

Ukikosea ubaoni kwake, mkono ukikimbilia dasta, ungesikia tu: "Usifute!" Tena hiyo dasta yenyewe huioni. Aliitunza mkobani, kando ya chakula chake cha mchana, ndiyo maana mkate wake haukukosa vumbi la chaki. Kosa lilibaki ubaoni mpaka darasa zima lione ulipoanzia kupotea. "Kuteleza si kuanguka," alikuwa akisema, "lakini ganda la ndizi liko wapi? Lionyesheni, mwenzenu asije akalikanyaga."

Mimi nilikuwa rafiki yake. Najua mwanafunzi wa kidato cha pili hahesabiwi kuwa rafiki wa mwalimu mwenye mvi, lakini semeni mtakavyo. Mama akichoka na maswali yangu huniambia, "Mpelekee mwalimu wako, mimi nina nguo za kufua." Basi nampelekea. Alikaa vyumba viwili nyuma ya duka la dobi, mapazia yake yakinuka mvuke wa pasi za watu wengine. Jumamosi nilikuwa nikimfundisha kutumia simu. Akibonyeza pasipo pake, nikinyoosha kidole nimsaidie, anakipiga kofi: "Wee! Usinifutie!"

Siku moja nilimwuliza mbona alikataa kuwa makamu wa mwalimu mkuu, maana kila mtu alijua cheo kilimfikia yeye kwanza. Alicheka mpaka akakohoa. "Ofisini hakuna ubao, rafiki yangu. Nitakosea wapi?"

Kicheko kiliisha, kikohozi kikabaki.

Ijumaa yake ya mwisho alifundisha ameketi, akiinuka kuandika tu. Aliandika:

20 − 3(x − 4) = 11

Akashuka mstari kwa mstari hadi x = −1. Nikarudisha jibu kwenye swali, kama alivyotuzoesha. Likanipa thelathini na tano.

"Mwalimu, umekosea."

Darasa zima likaniangalia kama nimemtukana. Yeye akageukia ubao, macho yakamng'aa kama mtu aliyeletewa zawadi. "Kumbe! Wapi?" Kengele ikalia. "Liacheni hapohapo. Jumatatu mtanionyesha."

Jumapili akafariki.

Jumatatu Makamu, yule aliyepewa cheo alichokikataa Bibi, aliingia na ndoo na kitambaa. Si mtu mbaya, ila ni mtu wa kupenda vitu vinyooke. Dada wa marehemu alikuwa njiani kuja kuchukua vitu vyake, na Makamu alitaka ubao umpokee kwa maneno: Pumzika kwa amani, mwalimu wetu mpendwa.

"Usifute," nikasema. Lilinitoka lenyewe.

"Unasemaje wewe?"

"Alituachia kazi, mwalimu. Hatujaimaliza."

"Hili ni kosa, mtoto. Unataka marehemu akumbukwe kwa kosa?"

"Kwani yeye alilionea aibu?"

"Sikio la kufa halisikii dawa," akasema, akapangusa. Mwandiko wote wa Bibi ukawa maji ya kijivu yanayochuruzika ukutani.

Sikulia. Hasira haikuniachia nafasi. Nilikwenda mbele, nikaokota chaki, nikaliandika swali upya. Chini yake nikaandika 20 − 3x − 12 = 11, nikashuka kama alivyoshuka, mpaka −1. Chaki haishiki kwenye ubao uliolowa, kwa hiyo nilikandamiza.

"Unakosea!" akapayuka jirani yangu wa dawati, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki.

"Nakosea kama alivyokosea yeye, Redio. Nyamaza uhesabu."

"Ofisini!" Makamu akanguruma. "Sasa hivi!"

"Nitakuja, mwalimu. Tukimaliza."

"Leo ni leo!" mtu akanong'ona nyuma.

Mlangoni alisimama mwanamke mwenye uso uleule wa Bibi Usifute, umezeeka kidogo zaidi, na mkoba wa marehemu begani. "Hilo kosa la nani?"

"Mama, utuwie radhi," Makamu akaanza, "watoto hawa..."

"La mdogo wako," nikasema.

Akausogelea ubao. "Huyo! Hata nyumbani alikuwa hataki nifue doa kabla hajajua limetoka wapi. Haya, mmelipata?"

"Bado."

"Basi mnamngoja nani?"

Hapo kelele zikaanza, zilezile za vipindi vyake. Redio akaapa ni mstari wa tatu. Mwingine akamwambia akae chini na betri zake. Makamu alisimama na kitambaa kikimdondoshea maji kiatuni, midomo ikicheza; nilimwona, naye alikuwa anahesabu. Ndipo nikaliona.

"Mabano! Hasi tatu mara hasi nne. Ni chanya kumi na mbili, siyo hasi!"

Tukashuka upya. Saba. Tukairudisha saba kwenye swali, ikatupa kumi na moja. Darasa likapiga meza kama ngoma.

Dada mtu akafungua mkoba, akatoa dasta yenye makombo ya mkate, akanikabidhi. "Sasa futa."

Nikafuta mimi mwenyewe, taratibu.

Adhabu nimepewa, nafagia korido kila asubuhi, wala sijaomba msamaha. Jana mwalimu mpya alikosea hesabu katikati ya ubao. Akapapasa mezani, akapapasa dirishani.

"Dasta iko wapi?"

"Iko kwangu," nikasema, nikaukumbatia mkoba wangu. "Lakini ganda la ndizi hatujaliona bado, mwalimu."