Mti Ambao Mbuzi Hawauli

Juzi pale Kyumbi nilimkuta mwanamume wa viatu safi akiwagawia wakulima miche ya mti wa mafuta, na hasira niliyodhani imekufa ikanipanda upya.

Nilikuwa bado mtoto wakati mtu mwingine kama yeye alipokuja kijijini kwetu Katangi. Mama alikuwa akichuma mbaazi.

"Mafuta ya dunia yanaisha, mama," mgeni alimwambia. "Panda mbono. Magari yatakunywa kutoka shamba lako, na mbegu zote tutanunua sisi. Tena hata mbuzi hawaugusi!"

Alasiri hiyo hiyo tuling'oa mbaazi zikiwa bado na maua, ili tupande mbono. Nasikia hadi leo mizizi ikikatika, na harufu ya majani mabichi yakinyauka juani. Mama aliinama akivuta mashina. Mimi niliimba. Nilidhani ukikata tawi la mbono mafuta yatamwagika kama maji ya mfereji, na koroboi yetu haitazimika tena.

Mibono ilipozaa tulijaza magunia. Yule mgeni aliyeahidi kununua hakuonekana tena, na mbegu zile ni sumu, haziliki. Mvua ilipokosa, muthokoi wetu, mahindi yaliyokobolewa ambayo hupikwa na mbaazi, ulikuwa mahindi matupu bila hata punje ya mbaazi, kisha mahindi nayo yakaisha. Mbuzi walipita kando ya mibono bila kugeuza shingo. Walitushinda akili.

Yule wa Kyumbi alininyooshea mche akitabasamu.

"Chukua, dada. Huu hata mbuzi hawauli."

"Na watoto wangu," nikamuuliza, "watakula nini?"