Majina Aliyotoa Zuhura

Juzi nilipita Kariakoo, mtaa ule wa mafundi wa redio na luninga, pua yangu ikanasa harufu ya plastiki iliyopata moto kwa muda mrefu, imechanganyika na vumbi linaloungua polepole. Watu waliotangulia mbele yangu walikunja uso wakapita. Mimi nilisimama. Harufu hiyo ndiyo iliyotoka kwenye mashine yetu ya gemu ikishawaka mchana kutwa, na kabla sijajijua nilikuwa nimerudi sebuleni kwetu, miguu peku kwenye sakafu ya baridi, nimenuna kwa sababu ya Zuhura.

Sisi ni watu wa Kilimanjaro. Baba alishuka mjini akiwa kijana, akafungua duka la vyombo vya plastiki, ndoo na mabeseni yamepangwa hadi nje, nasi tukaishi ghorofani juu ya duka. Barazani alimwachia nafasi Mama Zuhura auze chai na vitumbua. Mama Zuhura alikuwa mtu wa pwani, mwenye maneno laini ambayo mpaka ufike kwako ndipo ugundue kwamba umesemwa. Binti yake, Zuhura, alikuwa rika langu. Akitoka shule alikuja kuosha vikombe, na vikombe vikiisha alipanda ngazi kuja kucheza nasi.

Mashine ililetwa na baba mdogo, aliyekuwa akifuata mzigo China. Picha zake zilipendeza, ila maandishi yote yalikuwa ya Kichina. Unatembea msituni, unakutana na kiumbe cha ajabu, unakivizia, ukikinasa kinakuwa chako, unakilea na kukipiganisha na wengine. Jina lake lilitokea juu ya kichwa chake kwa herufi ambazo kwetu zilifanana na vibanda vilivyopigwa na upepo. Bahati nzuri, ukishamnasa kilifunguka kisanduku cha kumwandikia jina unalotaka wewe, na humo herufi zetu zilikuwemo.

Kazi ya kutoa majina niliichukua mimi. Mashine ilikuwa ya kwetu, na kwa mdogo wangu Godi mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Isitoshe, nilisoma shule ya Kiingereza, nikaamini kiumbe wa maana hawezi kuitwa kienyeji. Kobe aliyefuka moshi mgongoni nikamwita Fayakobe. Funza aliyejiviringisha majani nikamwita Lifu, yaani jani kwa Kiingereza. Godi aliyapokea majina hayo kama alivyopokea dawa ya minyoo.

Kulikuwa na mmoja kama paka, mwenye mkia wa manyoya, ambaye akiguswa kidogo tu vitani alitimua mbio, kisha akageuka kututazama kwa hasira kutoka mbali. Nilikuwa bado nawaza jina lake. Zuhura, aliyekuwa ameketi nyuma yetu mikono ikinuka sabuni ya vyombo, akasema kwa sauti ya chini kama anayejisemea mwenyewe, "Huyu Ntarudi."

Godi alicheka mpaka akagaagaa. Jina likaandikwa. Na kuanzia hapo mambo yalinitoka mikononi. Yule aliyevimba mashavu hata kabla hujamfanya lolote, Zuhura akamwita Kaniudhi. Yale mawe matatu yenye macho, yasiyokwenda popote bila kuongozana, akayaita Mafiga. Alipomwona Lifu wangu ndani ya majani yake, jicho moja tu likichungulia, alisema, "Mbona huyu mwali?" Godi akafuta jina langu papo hapo, bila hata kunitazama. Wiki hiyo hiyo funza yule akapasua majani akatoka kipepeo mwenye rangi zote, na watoto wa jengo zima waliojazana sebuleni kwetu wakapiga vigelegele kwamba mwali katolewa nje.

Nilipiga makofi pamoja nao. Ndani nilikuwa nawaka. Yeye hakuwa na mashine, hakuwa hata na luninga, lakini watoto wakipanda ngazi zetu waliuliza kama Zuhura yupo. Nilijaribu kutoa majina ya Kiswahili kama yeye. Yalitoka yamepinda, na Godi aliyakataa kwa upole, jambo lililoniuma kuliko kama angenicheka. Mama Zuhura aliniona siku moja nimeinama kwenye ngazi, kidevu magotini, akanipa kitumbua. "Kula, mwanangu. Wivu kidonda, ukiushiriki utakonda." Sikujua alijuaje. Kitumbua nilikila, maneno niliyaacha.

Nikatafuta msaada mkubwa zaidi. Jirani na duka letu palikuwa na Mchina aliyeuza kandambili kwa jumla, tukimwita Bwana Lin. Kiswahili alikuwa amekiokota sokoni, kwa hiyo alijua kukataa bei kabla hajajua kusalimia. Nilichukua kijitabu kilichokuja na mashine, chenye picha za viumbe wote, nikaenda naye Godi. Nilitaka majina ya kweli. Nilitaka nirudi nayo sebuleni, Zuhura anyamaze.

"Shikamoo, Bwana Lin."

"Marahaba. Baba hajambo?" Akavaa miwani, akaanza kutusomea. Wengi majina yao yalikuwa maneno mawili yaliyogandishwa pamoja, akatufafanulia: moto na kobe, jiwe na ndugu. Alipofika kwa yule funza akasema, "Huyu kwetu tunaita mtoto wa jani."

Moyo wangu ulichanua, maana Lifu langu lilikuwa karibu na hapo. Nikamwambia. Akatikisa kichwa kwa adabu. Godi akadakia, "Lakini Zuhura anamwita Mwali."

"Mwali nini?"

Godi hakuweza kueleza. Ikabidi nieleze mimi, kwa kinywa changu, yale niliyowahi kuyasikia kwa Mama Zuhura: kwamba msichana akivunja ungo huwekwa ndani, haonekani na watu, anafundwa, na siku ikifika hutolewa amepambwa, ngoma zinapigwa. Bwana Lin alivua miwani. Aliitazama ile picha kitambo.

"Hili zuri," akasema. "Zuri kushinda letu. Mwambie huyo mtoto."

Sikumwambia. Godi ndiye aliyemwambia, na Zuhura aliinamisha uso akatabasamu, mimi nikaenda jikoni kunywa maji nisiyokuwa na kiu nayo.

Baadaye Mama Zuhura akakosekana barazani siku kadhaa. Mama akapata habari kwamba ana mtoto mdogo mgonjwa, akafunga sukari na maziwa ya kopo, akaniambia nivae viatu twende Buguruni kumjulia hali. Sikuwahi kujua kwamba Zuhura ana mdogo wake. Walikuwa wamepanga chumba kimoja nyuma ya gereji, nyundo za mafundi zikisikika kama ziko ndani. Kitandani alilala msichana mwembamba, macho yana umanjano. Aliitwa Tatu. Alikuwa na selimundu, na kwa sababu ya maumivu hakutoka sana, wala shule hakwenda kama wenzake.

Mama zetu walikaa nje kuongea. Tatu akanitazama kutoka kwenye mto.

"Wewe ndiye Aika? Kwenu ndiko kwenye akina Ntarudi?"

"Ndiyo."

"Kaniudhi bado amenuna?"

Nikashtuka. Akaanza kunieleza viumbe wangu mmoja mmoja: Ntarudi anavyogeuka akiwa mbali, Mafiga wanavyosubiriana njiani, lile jicho moja la Mwali kwenye majani. Hakukosea hata kidogo. Hakuwahi kuona mashine yetu wala picha yoyote. Zuhura alikuwa pembeni akimkanda miguu. Mimi nilihisi nimeibiwa. Viumbe wangu walikuwa wameletwa mpaka Buguruni, wamepewa makao, na mimi hakuna aliyenishirikisha.

"Na wewe umempa jina nani?" Tatu akauliza.

Palikuwa na mmoja tu aliyebaki na jina langu. "Fayakobe," nikasema.

Tatu akafumba macho. Alisubiri. Uso wake ulitulia kama wa mtu anayesikiliza hodi. Kisha akafumbua.

"Simwoni," akasema. "Zuhura, niambie wewe."

Zuhura alinitazama kwanza, kama anayeomba ruhusa. Akasema, "Kobe mpika chai." Tatu akafumba macho tena, na safari hii akacheka.

Nilirudi nyumbani nimenyamaza. Mama alidhani nimemhurumia mgonjwa, akanisifu. Ukweli ni kwamba sikumhurumia hata kidogo. Nilikuwa nawaza lile neno, simwoni, na jinsi alivyocheka kwa jina la mwenzangu.

Mashine haikudumu. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ikatoa moshi na viumbe wetu wote wakaenda nao. Mwaka uliofuata Mama Zuhura alihamia Tanga kwa ndugu zake na binti zake wote wawili. Baba akampa nafasi ya barazani muuza miwani.

Nimechukua miaka mingi kuelewa tulichokuwa tukifanya pale sebuleni. Mimi nilikuwa nawapa majina viumbe ambao kila mtu alikuwa anawaona, kwa hiyo jina lolote lilitosha. Zuhura alikuwa akitafuta neno moja la kumbebea mdogo wake, neno ambalo akilisema gizani mwa macho yaliyofumbwa, kiumbe mzima atokee. Alikaa nyuma yetu kimya kwa sababu alikuwa kazini.

Kuhusu wivu wangu, nao niliuelewa vibaya. Nilidhani namwonea wivu kwa ajili ya majina. Majina ningeyazoea. Kilichoniuma, nisichokuwa na neno lake wakati ule, ni kwamba kila jioni Zuhura alirudi kwa mtu aliyekuwa amemngoja siku nzima ili amsikilize. Mimi nilikuwa na sebule iliyojaa watoto, na hapakuwa na hata mmoja aliyefumba macho akanisubiri niseme.