Kipa wa Akiba Mbele ya Mjomba

Kocha alikuwa ameshapata ruhusa ya baba wa binti, na kwa hesabu yake kazi ilikuwa imekwisha. Yeye ni mtu wa Mara. Kwao baba akisema ndiyo, hata mbuzi zizini wanajua shauri limefungwa. Hakuna aliyemwambia kwamba huku kwetu Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mwisho ni la mjomba. Mjomba alizisikia habari kwa mtu aliyekuja Matombo kununua pilipili manga, kwamba mpwa wake anahamia Morogoro mjini kudaka mipira. Akatuma jibu fupi: haendi.

Mpwa huyo ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Amemaliza kidato cha nne, mrefu, mikono mikubwa, na tangu darasa la tano hajawahi kutaka kitu kingine zaidi ya kukaa golini. Timu ya wanawake ya mjini ilimtaka awe kipa wake wa pili, na ilitaka jibu kabla ya Jumapili.

Mimi nilikuwa nakaa kwa mama, Mafiga, hapo hapo mjini, na shahada yangu, nasubiri kuitwa kwenye usaili. Kila jioni mama alikuwa akiniuliza, "Wamepiga simu?" nami nilikuwa nikijibu hapana kwa sauti ambayo baadaye niliichambua kitandani, kama ilikuwa ya ukali au ya kawaida. Siku ile aliniambia, "Wewe una nafasi. Nenda na hao watu wa mpira kwa mjomba wako. Mheshimu, na usifikirie sana."

Tulikwenda na Mmarekani. Alikuwa kipa wa kulipwa kwao, amestaafu, na alikuja kukaa na timu ile miezi michache kuwafundisha makipa. Kocha aliamini kwamba mjomba akimwona mtu aliyefika huko, moyo utalegea. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri.

Ndani ya gari nilimwomba anisimulie maisha yake ya mpira, nijiandae. Alisimulia bila kujipamba. Karibu miaka kumi alikuwa kipa wa akiba. Kabla ya mechi alimpigia kipa wa kwanza mipira ili apate joto, kisha akaenda kukaa. Klabu moja ilivunjwa akiwa dukani anachagua mapazia ya chumba alichokuwa amekipanga wiki ile. Alipata habari kwa ujumbe wa simu. Klabu nyingine ilimwacha msimu ulipoisha, bila maneno mengi. Hatimaye kipa wa kwanza aliumia, yeye akaingia, akacheza mechi chache, zikiwemo mbili nzuri sana, kisha kano za goti lake zikakatika. Mechi zake zote ungezihesabu kwa vidole na vidole vikabaki.

Nilitazama nje. Tulikuwa tunapita Mkuyuni, na barabara ilikuwa imeanza kuturusha. Tulikuwa tunampelekea mjomba mtu wa kumwonyesha kwamba mpira ni maisha, na mtu mwenyewe alikuwa amekaa benchi. Nikaanza kupanga maneno. "Alikuwa tegemeo la timu." Hapana. "Alikuwa katika kikosi." Hiyo ni kweli. Lakini mjomba akiuliza kikosini alifanya nini? Nilijiuliza na kujijibu mpaka tukafika, na sikuwa na sentensi hata moja.

Mjomba alikuwa kibarazani, anachambua pilipili manga kwenye ungo. Pembeni yake alikaa mama mmoja wa makamo, wa ukoo ambao ni watani wetu tangu enzi za mababu. Mtani haalikwi. Akisikia kwenu kuna wageni, huja.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekonda. Mjini hawali?"

"Wanakula, mjomba."

"Basi ni mawazo."

"Si ndiyo kazi aliyosomea?" akasema mtani.

Kocha alitoa sukari na kanga, akainama kidogo. "Mjomba, tusamehe. Tulipita mlango usio wetu."

"Mlango gani?" mtani akadakia. "Mlipita dirishani, kama paka."

Mjomba hakucheka. Alimwelekea mgeni, akaniambia, "Muulize, yeye huo mpira aliucheza vipi?"

Mmarekani akaeleza kama alivyonieleza garini. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Mtani alikuwa ananitazama usoni. "Amesema benchi," akasema. "Nimesikia. Haya, tueleze na hilo benchi lake, usituchagulie."

Basi nikatafsiri yote: benchi, mapazia, goti. Kocha aliinamisha kichwa kama mtu anayehudhuria mazishi ya mpango wake.

"Kumbe alilipwa akae," akasema mtani. "Mimi benchi la zahanati nimelikalia mpaka limechukua umbo langu, na hakuna aliyeninunulia hata soda."

Mgeni aliniuliza amesema nini. Nilimweleza, na kwa hofu nikaongeza maelezo marefu kuhusu utani: kwamba huyu mama ana haki ya kusema lolote, hata msibani, na kwamba kwetu kumkasirikia mtani ni aibu. Mmarekani akamtazama mtani. "Mwambie," akasema, "tangu tufike sijamwona akidaka chochote zaidi ya kikombe cha chai."

Nilisita. Nikasema.

Mtani aliweka kikombe chini, akapiga paja lake. "Kumbe mmeniletea mtani wangu. Mwacheni hapa, mje kumchukua mtakapomhitaji."

Mjomba alikuwa bado anachambua. Mikono yake iliposimama, alikuwa na swali jingine. "Siku hizo alizokuwa anakaa tu, nani alikuwa akienda kumtazama?"

 Mgeni alisema mama yake alikuwa akienda, hata mechi za mbali. Baadaye mama akaugua, akafariki, na hakuna mwingine aliyekwenda. Alisema kukaa benchi mtu huzoea. Kilichokuwa kigumu ni kurudi chumbani na jezi safi isiyo na hata jasho, na hakuna mtu wa kukuuliza kulikuwaje.

Nilitafsiri polepole. Katikati ya sentensi nilimkumbuka mama yangu na swali lake la kila jioni, nikalazimika kuanza upya.

Mjomba akamwita mdogo wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni pa jiko muda wote. "Wakikuweka benchi, utalia?"

"Nitalia, mjomba," akajibu. "Halafu nitakaa."

Mjomba akatikisa ungo, makapi yakaruka. "Atakwenda. Atakaa Mafiga kwa dada yangu, si hosteli. Na siku za mechi mtaniarifu mapema, nije."

"Mechi zote, mjomba?" kocha akauliza.

"Kwani nimewapa mtoto? Nimewaazima."

Mechi ya kwanza mjomba aliteremka na koti lake la sherehe, mtani nyuma yake. Mdogo wangu alikuwa kwenye benchi, glovu mikononi. Kipindi cha kwanza kikaisha. Nilikuwa na maneno tayari: kwamba ndivyo timu zinavyoendeshwa, kwamba yeye bado ni mgeni, kwamba kukaa huku hakumaanishi hafai.

"Mjomba," nikaanza, "huenda leo asiingie kabisa."

"Najua," akasema. "Mbona unaniambia kama umeniletea msiba?"

Mtani akasimama, akaweka mikono mdomoni. "We mtoto! Kaa vizuri! Tumetoka Matombo kukutazama ukikaa!"

Benchi zima liligeuka. Mdogo wangu alifunika uso kwa glovu, mabega yakitikisika kwa kicheko. Mmarekani, aliyekuwa ameketi jirani yake, aliuliza kilichosemwa, na safari hii hakuna aliyehitaji kunisubiri. Wasichana walimweleza kwa mikono na vipande vya Kiingereza.

Mechi ilipokwisha mdogo wangu alitujia na jezi safi kama ilivyotoka sandukuni. Mjomba alimpokea begi.

"Haya," akamwambia. "Kulikuwaje?"

Akaanza na kona ya kwanza. Tulitembea hadi Mafiga akiwa bado anaeleza, na mjomba alikuwa akimkatiza pale tu ambapo hakuelewa.