Jumatatu Ilikuwa ya Shangazi na Pacha Wake

Shangazi yangu hana wivu wa mume, kwa sababu mume mwenyewe hana. Wivu wa nguo pia hana, maana siku tano za wiki anavaa koti jeupe la maabara na siku mbili zilizobaki analifua. Wivu wake wote, yaani wote kabisa, aliuweka kwenye simu ya Jumatatu saa nne asubuhi. Ngojeni niwaeleze, hii stori naipenda mno.

Shangazi ni fundi wa maabara chuo kikuu. Sio mwalimu, sio profesa. Yeye ndiye anayevaa buti za mpira, anashuka mtoni nyuma ya chuo, anajaza maji kwenye chupa sita na kurudi kuyapima. Anachotafuta hasa ni fosfeti, kile kitu kilichomo kwenye mbolea. Ikizidi mtoni, majani yanatanda juu ya maji na samaki wanakosa hewa.

Sasa, miaka tisa iliyopita chuo chake kiliungana na chuo cha ng'ambo ya mpaka, kwa sababu mto wenyewe ni mmoja, unapita kwao kisha unakuja kwetu. Wakubwa wakasaini ukumbini, wakapigwa picha wameshikana mikono, wakatundika bango kubwa: PAMOJA KWA MAENDELEO ENDELEVU. Baadaye bango likahamia maabara, likaziba ukuta pale unapovuja. Wakubwa wakaenda zao. Kazi ikabaki kwa watu wawili, Shangazi huku na fundi mwenzake kule. Kila Jumatatu saa nne wanapigiana simu ya vidio, huyu anasoma namba zake, yule anasoma zake, kila mmoja anaandika zote kwenye daftari lake. Wanaitana Pacha.

Kusoma namba ni dakika kumi. Simu yenyewe ni saa nzima. Mkiniuliza mimi, zile dakika hamsini nyingine ndio ushirikiano wenyewe.

"Pacha, goti vipi?"

"Linalia kuliko lile friji lako, Pacha."

"Friji langu usilitaje, limenuna tangu Ijumaa."

Wanacheka mpaka wanafuta machozi. Hawajawahi kuonana ana kwa ana hata siku moja, lakini Shangazi anajua mpaka Pacha wake analala upande gani.

Basi, mwaka huu chuo cha tatu kikaomba kuingia, kile cha juu kabisa mlimani, mto unapoanzia. Wakapewa miezi mitatu ya majaribio. Namba zao zikiaminika, wanasaini. Zisipoaminika, kwaheri. Jumatatu ya kwanza skrini ikagawanywa mara tatu. Uso wa Pacha, uliokuwa unajaa skrini nzima, ukawa saizi ya picha ya kitambulisho. Na pembeni yake akatokea msichana mmoja wa watu, fundi mpya, meno yote nje.

"Shikamooni dada zangu!"

"Marahaba mdogo wangu! Umependeza!" Huyo Pacha.

"Marahaba," Shangazi akasema, vile unavyomjibu muuzaji ambaye hununui kwake.

Jina lake Shangazi hakulishika. Nyumbani alimwita "yule Mpya" tu. Mpya anaongea sana. Mpya anauliza goti la Pacha linaendeleaje, alijuaje habari za goti? Mpya kamfanya Pacha acheke kabla Shangazi hajamaliza kichekesho chake mwenyewe.

Lakini kilichomaliza kila kitu ni kalamu. Mwaka ule wa kwanza, Pacha alimtumia Shangazi kalamu ya kuandikia kwenye chupa iliyolowa, yenye kifuniko cha kijani. Wino uliisha zamani sana, lakini mpaka leo anatembea nayo kwenye mfuko wa koti, upande wa moyo. Sasa Jumatatu moja Mpya akainua chupa yake na kuanza kuiandika. Kifuniko cha kijani.

"Kalamu nzuri," Shangazi akasema taratibu.

"Ee, Dada Pacha alinitumia!"

"Dada Pacha."

"Ndiyo, Dada!"

"Mtandao unakatika," Shangazi akasema, "siwasikii." Mimi nilikuwa nimekaa pale kona ya maabara, maana nilikuwa likizo. Mtandao ulikuwa mzima kama chuma. Kidole cha Shangazi ndicho kilichokata.

Siku hiyo nyumbani aliviosha vikombe kwa hasira mpaka kimoja kikatoka mkono. Bibi, mama yake Shangazi, ambaye ulimi wake haujawahi kuugua, akamtazama.

"Umeletewa mke mwenza nini?"

"Mama, niache."

"Si nauliza tu. Kama ni mke mwenza, angalau mjue zamu."

Nilicheka nikakimbilia nje.

Ikafika mwezi wa tatu wa majaribio. Na namba za Mpya, jamani, zilikuwa za ajabu. Kule juu mlimani, ambako hakuna hata shamba moja, fosfeti ilikuwa mara tatu ya huku kwetu chini, ambako kila uchafu unaishia. Profesa anayesimamia mradi akaja maabara, akavua miwani.

"Jumatatu ijayo nitakuwepo kwenye simu. Zikiwa bado hivi, nitawaambia wenzetu wa juu wabaki nje. Hatuwezi kuandika ripoti ya mto kwa namba za kubahatisha."

"Sawa, Profesa," Shangazi akasema. Na kwa jinsi alivyokuwa anajaza zile chupa baada ya hapo, ungesema anaimba.

Kumbe yeye alikuwa anajua tatizo ni nini! Alishaliona wiki mbili nyuma. Mpya aliinuka kuchukua daftari, nyuma yake likaonekana sinki, na pembeni ya sinki ndoo ya povu na pakiti ya sabuni ya unga. Sabuni ile ina fosfeti. Ukioshea chupa, inabaki kwenye kioo hata kama macho hayaioni, halafu unakuja kuipima ukidhani ni ya mto. Shangazi alijuaje? Kwa sababu miaka tisa iliyopita yeye mwenyewe alifanya hivyohivyo! Pacha ndiye aliyeona sabuni kwenye vidio, akampigia pembeni, akamwelekeza, hakumwambia mtu. Hakuna profesa aliyejua. Na wiki ile ile ndipo kalamu ilipokuja.

Safari hii Pacha hakuona. Ana macho mabovu, na kwenye skrini ya watu watatu hata ndoo inakuwa kama punje.

Shangazi akanyamaza. Siku tatu nzima. Alhamisi alasiri, katika kuchambua mboga na Bibi, ikamtoka.

"Si amwambie huyo Dada Pacha wake. Mimi ni nani?"

"Pacha haoni, umesema mwenyewe."

"Basi."

"Kwa hiyo mwenzio anafungiwa mlango, wewe unaangalia."

"Sijamfungia mimi, Mama. Anafungiwa na sabuni yake."

Bibi akachambua majani mawili matatu. "Na wewe ulipokosea, Pacha alikaa akaangalia?"

 Shangazi akaweka sinia chini, akafuta mikono kwenye kanga, akachukua simu, akatoka barazani. Mimi nikasogea dirishani, msinihukumu, na simu yake iko kwenye spika.

"Halo, nani mwenzangu?"

"Mimi. Wa chuo cha chini."

 Sauti ya Mpya ikawa ndogo: "Dada... nimekosea nini?"

"Chupa unaoshea nini?"

"Sabuni, Dada. Naosha mara mbili, mpaka zinang'aa."

"Hiyo sabuni ndiyo unayoipima. Mto wako hauna kitu. Chupa zote zioshe upya bila sabuni, asidi kidogo kama unavyooshea vyombo vingine, halafu suuza kwa maji ya maabara, sio ya bomba. Ukifika mtoni, suuza mara tatu kwa maji ya mto wenyewe ndipo ujaze. Kesho asubuhi. Umesikia?"

Nikasikia mtu analia na kucheka kwa pamoja. "Asante, Dada. Mimi nilikuwa nakuogopa. Kila Jumatatu unaniangalia kama nimevaa gauni lako."

Shangazi akakohoa. "Na hiyo kalamu usiiache wazi. Inakauka."

Jumatatu Profesa akasimama nyuma ya Shangazi, mikono mgongoni. Pacha akasoma. Shangazi akasoma. Mpya akasoma, na namba zake zikawa za chini kuliko zote, vile maji ya mlimani yanavyotakiwa kuwa.

"Zimeshuka sana," Profesa akasema. "Nini kimebadilika?"

"Za nyuma zote tuzifute, Profesa," Mpya akasema, uso umemwiva. "Nilikuwa naoshea chupa sabuni ya unga. Dada wa chini ndiye aliyegundua."

Kwenye kile kipicha chake, Pacha akaziba mdomo kwa mkono. Mabega yakaanza kucheza.

"Vizuri sana!" Profesa akamgeukia Shangazi. "Wewe ulijuaje?"

"Uzoefu, Profesa."

Pacha alicheka mpaka picha ikaganda.

Chuo cha mlimani kikasaini mwezi uliofuata, na bango lingine likaja, maana ukuta ulishaanza kuvuja upande wa pili. Lakini sio hapo nilipokuwa napeleka stori. Tangu ile siku ya barazani, Mpya anampigia Shangazi kila Alhamisi. Wanaanza na chupa, wanamalizia kwa mchumba wa Mpya, ambaye Shangazi bado hajampitisha. Juzi Ijumaa simu ikalia, na haikuwa siku yake. Pacha.

"Nasikia Alhamisi mnapigiana nyie wawili."

"Mambo ya chupa tu, Pacha."

"Chupa gani za saa nzima?"

Shangazi akaegemea kiti taratibu, kama mtu anayeletewa kinywaji. "Pacha. Una wivu?"

"Nani, mimi? Aa, mtandao unakatika huku, sikusikii kabisa."

Simu ikakatwa. Shangazi alitabasamu mpaka jioni.