Paka Aliyenihama Akaenda kwa Baba Mkwe

Shule nilienda miaka miwili tu, kwa hiyo ukiona nimepotea njia katikati, ngoja, nitarudi. Nilikuwa nimeolewa karibu mwaka mzima, kule Marani, na mama mkwe alikuwa amenipa kikapu cha mbegu za wimbi nikakitundika nyumbani kwangu. Mbegu zenyewe alizipata kwa mama yake. Panya wakakijua kile kikapu kabla mimi sijawajua mashemeji wote. Kila asubuhi naokota maganda chini.

"Mvua ikija huna mbegu," mama mkwe akaniambia, "utapanda hayo maneno yako matamu?"

Basi, sokoni palikuwa na duka la watu wa ziwani. Walihama wakamwacha paka wao, jike la rangi ya majivu, mifupa mitupu, watoto wanamrushia mawe. Nikamtia kwenye gunia. Njia nzima ananikwaruza mgongo. Alama moja ninayo mpaka leo, ingawa ile ya pembeni ni ya mwiba, nisikudanganye. Nikamfunga kwenye mguu wa kitanda kwa kamba ya katani siku tatu, azoee nyumba. Nikampa maziwa, akanusa akageuka. Ugali wa wimbi, akanitazama kama nimemtukana. Jirani yangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Huyo kalelewa kwa samaki, dada! Mume wako ashuke ziwani akamvulie!"

Siku ya nne nikamfungua. Akavuka uwanja mbio, akaingia wapi? Nyumba ya baba mkwe.

Wewe usiyetoka kwetu huenda huoni shida. Kwetu mke wa mtoto haingii anapolala baba mkwe, naye mzee hakanyagi kwangu. Ni heshima, tunaiita chinsoni, na kuivunja ni aibu ya ukoo mzima. Nikasimama mbali, nimegeuza uso, nikiita "nyau, nyau" kama mwendawazimu. Ndani namsikia mzee akimbembeleza paka: "Kaa hapa, mama. Achana na hizo kelele."

Mama! Mimi hajaniita hivyo hata siku moja.

Mara tatu nilimtuma mume wangu amtoe. Mara tatu paka akarudi huko hata chai haijapoa. Na mzee anamlisha nyama, nyama niliyoipika mimi! Panya wa kule wakaisha. Wangu wakanenepa.

Kikapu kilipofika nusu nikaenda kwa mama mkwe. "Mama, nimeshindwa. Kipeleke huko aliko paka."

Alinitazama mpaka nikaona aibu. Mke gani anashindwa kutunza mbegu? Kisha akakibeba mwenyewe, akakitundika juu ya kitanda cha mzee.

Mvua ilipokuja nilienda kuomba mbegu zangu kama mgeni. Mzee anaweka ungo kizingitini, anakohoa, anarudi ndani, ndipo nasogea kuuchukua. Paka kakaa pale pale mlangoni, anajilamba, hanisogezei hata mkia.

Mbegu zilitosha shamba lote isipokuwa kona ya chini. Hapo nilipanda viazi vitamu. Mama mkwe akapita, akasimama, akaviangalia viazi vyangu kwa muda mrefu, halafu akaenda zake bila neno. Afadhali angenigombeza.