Nati Yenye Rangi Nyekundu

"Lori halifi lenyewe, shemeji, linauawa!" Fundi Sikio alikuwa ameshika kiuno katikati ya gereji, mafundi wengine wakisikiliza. "Huyu dereva wako anaachia klachi kama aliyekanyaga kaa la moto, kisha anafungulia redio asisikie difu, lile bonge la gia la huko nyuma, inavyolia. Nimechoka kutibu mtu asiyetaka kupona!"

Shemeji yake, dada wa mkewe, ndiye mwenye lori. Lilikuwa moja tu, la kubebea matofali, na ndilo lililomlisha. Akamgeukia dereva, ambaye watu walimwita Mdundo kwa sababu ya hiyo redio, akanyoosha mkono.

"Lete funguo. Kama difu umeiua wewe, basi kazi imeishia hapa."

"Mama, hata hajaifungua!" Lakini funguo akazitoa.

"Nifungue nini?" akadakia Sikio. "Ukikanyaga mafuta inavuma, ukiachia inalia, ukibadili gia inagonga. Imekwisha hiyo."

Kusikia alikuwa anasikia, tusimwonee. Gari likikohoa mtaa wa pili, anakutajia ugonjwa wake. Mkewe akimwita kutoka chumba cha pili, hasikii kitu. Na tangu sifa za masikio zimpande kichwani, uvunguni mwa magari alikuwa haingii tena. Shati lake lilikuwa safi kuliko la karani.

"Imekwisha, nani kaona?" shemeji akauliza. "Mimi sizikiwi mgonjwa kwa sababu kuna mtu kasikia kikohozi dirishani. Ingia chini."

Akaingia, anaguna. Mdundo akamfuata na tochi. Matairi yalikuwa yamezuiwa kwa mawe, gia imewekwa huru. Sikio akashika propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu nyuma, akaizungusha huku na huku. Ilicheza, lakini si kwa kiasi cha kutisha. Akaishika pale inapoingilia kwenye difu, akainyanyua. Ikapanda na kushuka kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

Gia zilizoliwa hazifanyi hivyo. Hapo kuna kitu hakikubana.

Akafuta grisi kwa kidole. Nati kubwa ikatokea, ina doa jekundu la rangi ya kucha ya mkewe. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yake: kila nati aliyoimaliza huipaka, asitokee mtu wa kusema fundi kasahau. Tundu la pini ya kuizuia isilegee lilikuwa wazi. Nati yenyewe ikageuka kwa vidole.

Akakumbuka vizuri kabisa. Alipokuwa akibadilisha sili ya oili ya lori hili hili, aliitwa nje kusikiliza gari la mtu, na watu wamejaa kumwangalia. Akaipaka rangi kabla ya kuikaza, akijiambia akirudi ataikaza na kutia pini. Alirudi na sifa tu.

Tochi ya Mdundo ikatua kwenye lile doa, ikaganda hapo.

"Mnaona nini huko?" shemeji akaita.

Angesema klachi imevunja beringi, nani angebishana na masikio yale? Mdundo mwenyewe angebisha, lakini ni nani angemsikiliza dereva aliyekwisha nyang'anywa funguo?

"Nina watoto, fundi," Mdundo akasema polepole.

Sikio akatambaa kutoka, shati limekuwa jeusi.

"Shemeji, mrudishie funguo zake. Nati imelegea, na niliyeiacha hivyo ni mimi."

"Na ile difu iliyokufa?"

"Imefufuka."

"Masikio je?"

"Yalisikia sawa. Ila hayakunitaja."

Akamwaga oili ya difu, akaipitisha kwenye kitambaa. Hakukuwa na vipande vya chuma; gia zilikuwa nzima. Akabadilisha beringi iliyoliwa na kule kulegea, kwa gharama yake, akakaza nati hadi mishipa ya shingo ikamtoka, akatia pini. Mdundo akalizungusha lori mtaani, redio imezimwa. Halikulia wala kugonga. Aliporudi, akasimama getini bila kuzima injini.

"Bado nakudai, fundi."

"Nini tena? Si nimeshatengeneza?"

"Uliniita muuaji wa gari mbele ya watu. Nakudai samahani, ya mbele ya watu hao hao."

Sikio akatazama huku na huku. Mchomeleaji alikuwa amevua miwani yake. Mziba pancha naye kaacha tairi, anasubiri. Shemeji alikuwa amekaa vizuri zaidi kuliko mwanzo.

"Nisamehe, ndugu yangu," akasema. "Nilikuzulia."

"Yameisha," Mdundo akajibu, akaingiza gia.